Zana inayofuta vitu: namna ya kuiandikia maelezo ili wakala wa AI asikosee

Zana yetu, yaani kipande cha programu kinachoitwa kwa jina kifanye kazi moja, ilikuwa inaitwa safisha_wateja na maelezo yake yalikuwa maneno manne tu, "Husafisha wateja wa zamani", niliyaandika mimi mwenyewe jioni moja tukiwa tunakimbizana kumaliza kazi, na pale ofisini kwetu Kijitonyama kila mtu alijua maana yake: inafuta kabisa wateja ambao hawajanunua kitu kwa siku 90. Sasa tulipomuunganisha wakala wa AI, yaani programu inayosoma ombi la mtu na kuchagua yenyewe zana ya kuita, kwenye mfumo wa duka moja la jumla Kariakoo, yule dada wa kaunta akamwandikia hivi, "naomba unisafishie wateja wa zamani, namba zao nyingi zimekosewa". Soma hiyo sentensi kama mtu wa Dar. Mteja wa zamani kwake yeye ni yule wa siku zote, wa kuaminika, wa tangu duka linaanza, na kusafisha ni kuweka sawa taarifa zake. Wakala akaangalia zana alizonazo, akaona moja inafanana neno kwa neno na alichoombwa, akaiita. Wateja 312 wakaondoka, na madeni yao yakaondoka nao, maana jedwali la madeni lilikuwa limefungwa kwenye jedwali la wateja, ukifuta huku na kule kunafutika.

Simu ikaja kama nusu saa baadaye: "Kaka habari za kazi, mbona mteja wangu wa Songea simuoni, na ana deni letu?" Wengi wa waliofutwa walikuwa watu wa mikoani, wale wanaokuja mjini kufunga mzigo mara mbili tatu kwa mwaka baada ya mavuno, kwa hiyo siku 90 bila kununua kwao ni kawaida kabisa. Tulirudisha kutoka kwenye bakapu ya usiku, ila madeni yaliyoandikwa asubuhi ile ikabidi nikae na yule dada siku nzima tunasoma daftari lake la mkono na meseji za malipo kwenye simu, moja moja.

Wakala hakukosea kusoma. Alisoma vizuri sana kitu ambacho mimi nilikiandika vibaya, na tangu siku ile ndo nimekuwa naandika maelezo ya zana za kufuta kwa namna ninayowaelezea hapa.

Anayesoma hayupo kwenye grupu la ofisi

Kila ofisi ina maarifa ya mdomo. Ile komandi usiiendeshe Ijumaa, ile nyingine muulize kwanza kaka wa seva, ile folda inaitwa "zamani" lakini humo ndo kuna mikataba. Mtu mpya akija anakaa pembeni ya mwenzake wiki mbili anayapata yote hayo bila hata kujua kwamba anafundishwa. Wakala hapati. Yeye anapewa jina la zana, maelezo yake, listi ya parameta (vitu vya kujaza anapoiita) na maneno ya aliyemtuma, basi, hapohapo achague. Kwa hiyo kila kitu ambacho ungemwambia mwenzako kwa sauti, "oya subiri, hiyo usiguse", lazima kiwe kimeandikwa ndani ya maelezo ya zana yenyewe, sio kwenye ukurasa mwingine ambao labda atausoma labda hatausoma.

Na hili sio jambo la leo. Mwaka 2005 Google walitoa programu ya kuharakisha intaneti, Google Web Accelerator, ilikuwa inafungua linki za ukurasa mapema kabla hujazibonyeza. Kumbe mifumo mingi ya wavuti ilikuwa imeweka kitendo cha kufuta kama linki ya kawaida tu, na programu ikawa inazipitia hizo linki moja baada ya nyingine, watu wakakuta vitu vyao vimefutika. Binadamu akiona neno "futa" anasita, ile programu iliona linki kama linki nyingine. Sheria ya HTTP, lugha ya mawasiliano ya wavuti, kwamba GET, yaani ombi la kufungua linki tu, isibadilishe kitu ilikuwepo miaka mingi, ila waliojenga mifumo waliiona kama ushauri.

Jina kwanza, na hapa Kiswahili kinahitaji umakini

Jina lina uzito mkubwa wakala anapochagua zana, kwa hiyo jina liseme ukweli. Tatizo lugha yetu ina maneno mengi ya upole kwa kitendo hiki. Safisha, ondoa, toa, funga, punguza, panga upya. "Ondoa mteja" ni kumtoa kwenye listi ya leo au kumfuta moja kwa moja? "Funga akaunti" ni kuizuia kwa muda au kuiua? Na "funga mauzo" dukani ni kufunga hesabu za siku, haina uhusiano na kufuta chochote. Sisi tumekubaliana hivi: kitu kikifutika kisirudi, jina linaanza na futa. Kikifichwa tu na kinaweza kurudi, ficha. Kikisimamishwa kwa muda, sitisha. Safisha tumelitoa kabisa, halipo kwenye jina la zana yoyote, hata zile zisizofuta kitu.

Halafu baada ya kitenzi taja kitu chenyewe kwa kipimo, sio kwa sifa. Usiseme wateja wa zamani, sema wateja wasionunua tangu tarehe fulani. Usiseme faili zisizohitajika, kwani nani ameamua hazihitajiki, sema faili za folda ya muda zenye zaidi ya siku 7. Sifa kama "zamani", "taka", "zisizotumika" kila msomaji anazijaza na maana yake mwenyewe, na wakala atazijaza na maana ya yule aliyemtuma, kama ilivyotokea kwetu.

Sentensi ya kwanza iseme kinachokufa

Watu wengi wanaandika maelezo kwa kuanza na faida, "zana hii husaidia kupunguza ukubwa wa databezi na kuongeza kasi". Hapana. Sentensi ya kwanza kabisa iseme kinachofutika. Ya pili iseme kinachofutika pamoja nacho, na hii ndo inayosahaulika kuliko zote, maana aliyetengeneza jedwali na aliyeandika maelezo mara nyingi ni watu wawili tofauti. Kama kwenye databezi umeweka ON DELETE CASCADE, yaani ukifuta rekodi na zilizofungwa kwake zifutike, fungua ukague ni majedwali gani yanavutwa, uyaandike kwa majina. Madeni, malipo, picha za risiti, kila kitu.

Ya tatu iseme kama kinarudi na kinarudije. Neno "hairudishwi" peke yake halitoshi. Sema nani anarudisha, kutoka wapi, na nini kinapotea hata baada ya kurudisha. Kuna kisa cha Julai 2025 kilichosambaa sana, wakala wa kuandika programu kwenye jukwaa la Replit alifuta databezi iliyokuwa laivu ya mjasiriamali Jason Lemkin wakati ameshaambiwa asibadilishe kitu, halafu alipoulizwa akajibu kwamba haiwezekani kurudisha, kumbe ilikuwa inawezekana na Lemkin mwenyewe akairudisha. Mi nikisoma kile kisa naona mambo mawili. Moja nitalirudia chini. Lingine ni kwamba wakala ambaye hana maandishi kuhusu kurudisha atajibu kwa kukisia, na atakisia kwa kujiamini, na mtu aliyechanganyikiwa saa hiyo anaweza kumuamini akaanza kujenga upya kitu ambacho kipo.

Hata zana maarufu zinachanganya hapa. TRUNCATE, komandi ya kumwaga jedwali lote, ukiiendesha kwenye databezi ya PostgreSQL ndani ya muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa pamoja) unaweza kuirudisha kabla hujathibitisha, ukiiendesha MySQL inajithibitisha yenyewe hapohapo, imeisha hiyo. Neno ni lilelile. Kwa hiyo usimwachie wakala atumie uzoefu wake wa mahali pengine, mwambie hapa kwako ikoje.

Haya, hii ndo ile zana yetu baada ya kuiandika upya, naiweka yote:

futa_wateja_wasionunua

INAFUTA MOJA KWA MOJA. Hufuta rekodi za wateja ambao hawajanunua tangu tarehe ya parameta kabla_ya. Pamoja na mteja hufuta malipo yake yote na historia yake ya manunuzi. Hakuna zana hapa inayoweza kurudisha. Njia pekee ni bakapu ya 02:00 saa za Dar es Salaam, inarudishwa na msimamizi wa mfumo kwa mkono, na kilichoingizwa baada ya 02:00 kinapotea.
Mteja mwenye deni hafutwi: zana inakataa na kurudisha erori MTEJA_ANA_DENI.
USIITUMIE kurekebisha jina au namba ya simu, tumia hariri_mteja. USIITUMIE kumtoa mteja kwenye listi ya kaunta, tumia ficha_mteja, hiyo inarudi.
Iite kwanza na onyesha_tu=true. Itarudisha jina la duka, idadi ya watakaofutwa, majina 10 ya kwanza na tokeni ya dakika 10. Mwonyeshe mtu vyote hivyo, subiri akubali kwa maneno yake mwenyewe. Ombi lake la mwanzo sio kukubali.

Ile mistari ya USIITUMIE ndo ingeokoa siku yetu. Wakala akiwa na ombi la kurekebisha namba anahitaji kuambiwa mlango sahihi uko wapi, ukimkataza tu bila kumuonyesha kwa kwenda atatafuta njia nyingine ya kufika palepale. Na ile sentensi ya mwisho niliiongeza baadaye, kwa sababu wakala alikuwa anahesabu "nisafishie wateja" kwamba tayari ni ruhusa.

Fanya kama unavyotuma pesa kwa simu

Ukituma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri inakuletea jina la anayepokea na kiasi. Pale ndo watu wengi wanagundua wamekosea tarakimu moja, wanafuta wanaanza upya. Zana inayofuta iwe na hatua hiyohiyo, na maelezo yaitaje kama hatua ya lazima, sio "unaweza pia". Kwenye git, zana ya kutunza matoleo ya kodi, hii ipo siku nyingi, git clean inagoma kufuta bila -f, na ukiweka -n inakuonyesha tu itakachofuta. rsync, ya kunakili folda, nayo ukitumia --delete unaanza na -n. Terraform, ya kuunda na kubadilisha seva, ndo wamelifanya vizuri zaidi, unatengeneza mpango unauhifadhi kwenye faili, halafu unatekeleza mpango uleule, sio mpango mpya uliokokotolewa upya wakati vitu vimeshabadilika. Ile tokeni yetu ya dakika 10, alama ya muda ambayo wakala anairudisha mtu akishakubali, inafanya kazi hiyo, imefungwa kwenye listi ileile iliyoonyeshwa, mteja akinunua katikati hapo listi inabadilika na tokeni inakataa.

Halafu jibu la onyesha_tu lazima litaje mahali. Duka gani, seva gani, ya majaribio au laivu. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa anashughulikia databezi usiku, akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye seva ya akiba kumbe yuko kwenye ile kuu, alipostuka akasimamisha ikawa imebaki kama GB 4.5 kati ya 300 hivi, na bakapu walizozitegemea kumbe zilikuwa hazifanyi kazi. Huyo ni binadamu mwenye uzoefu, na dirisha lilikuwa mbele yake. Wakala hana hata dirisha, kama jibu halijamwambia yuko wapi hajui.

Parameta, hasa ile usiyoijaza

Andika kila parameta ikiachwa wazi kinatokea nini. Ukisoma maelezo ya zana nyingi za watu utakuta "duka: kitambulisho cha duka, si lazima", sasa nisipoiweka? Mara nyingi jibu ni maduka yote. Kwenye zana ya kufuta, kuacha wazi kusimaanishe vyote kamwe, kumaanishe erori. Anayetaka vyote aandike vyote kwa herufi. MySQL wana kitu cha namna hii, ukiingia na --safe-updates inakataa DELETE (komandi ya kufuta) isiyo na WHERE yenye ufunguo, yaani sharti la rekodi zipi, au LIMIT, yaani kikomo cha idadi.

Tarehe na saa ziandike bila kumwachia mtu nafasi. Hapa sisi tuna shida yetu wenyewe. Maelezo ya mwanzo ya bakapu yalisema "huchukuliwa saa 8 usiku", kwetu hiyo ni 02:00, lakini msomaji aliyezoea saa za Kizungu anaona 20:00, tofauti ya masaa sita, na kwenye masaa sita duka la jumla linaweza kuwa limeuza mzigo wa maana. Andika 02:00, na useme ni saa za wapi. Seva nyingi zinahesabu UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo ikigonga saa sita usiku Dar kule seva inaona bado ni 21:00 ya jana. Zana inayofuta "kabla ya leo" bila kusema leo ya wapi itakata mahali ambapo hukutegemea.

Je, ikiitwa mara mbili?

Hapa naomba ukae kidogo maana mtandao wetu unakatika na umeme unakatika, na wakala asipopata jibu kitu cha kwanza anafanya ni kujaribu tena. Tulikuwa na zana nyingine, futa_mauzo_ya_mwisho yenye parameta idadi, ya kufuta mauzo yaliyoingizwa kimakosa. Ukiita na idadi 5 inafuta matano ya mwisho. Jibu likipotea njiani, wakala anaita tena na 5, inafuta matano mengine, ambayo hayakuwa na kosa lolote. Tukaibadilisha ipokee namba za risiti zenyewe. Sasa hata ukiita mara kumi, zile tano zimeshafutika, miito inayofuata inajibu "tayari imefutwa". Kama zana yako haiwezi kubadilishwa hivyo, basi maelezo yaseme wazi kabisa: usipopata jibu usiite tena, kwanza angalia hali kwa zana fulani.

Jibu la erori nalo ni sehemu ya maelezo, wakala analisoma palepale akiwa anatafuta la kufanya. Erori inayosema "imeshindikana" inamsukuma ajaribu kwa nguvu zaidi. Erori inayosema "imekataa kwa sababu mteja ana deni la 480,000, hakuna kilichofutwa, mwambie mtu aliyekuomba" inamsimamisha. Taja siku zote kama kuna chochote kimefutwa au hakuna, na kama kimefutwa nusu, useme nusu ipi.

Alama za MCP

Kama unatumia MCP, ile itifaki ya kuunganisha wakala na zana ambayo kampuni ya AI ya Anthropic waliitoa Novemba 2024, toleo la Machi 2025 liliongeza alama za kuelezea zana. Zinazotuhusu ni readOnlyHint (inasoma tu), destructiveHint (inaweza kuharibu) na idempotentHint (kuirudia hakuongezi madhara). Usipoandika chochote, zana inachukuliwa kwamba sio ya kusoma tu, inaweza kuharibu, na kuirudia kuna madhara, yaani itifaki inachukulia hatari kwanza, na mi naona wamefanya vizuri. Kosa ninaloliona ni mtu kuweka destructiveHint=false kwenye kila zana ili wakala asiwe anauliza uliza ruhusa. Usifanye. Jaza kwa ukweli, zana moja moja, na ujue pia kwamba hizi ni dokezo tu, programu inayopokea haitakiwi kuziamini kama seva yenyewe haiaminiki, kwa hiyo alama haiondoi kazi ya kuandika maelezo.

Maandishi sio kufuli

Hili ndo lile nililosema nitalirudia kwenye kisa cha Julai 2025. Wakala alishaambiwa kwa maandishi asiguse kitu na bado akagusa. Kwa hiyo zana ambayo kosa lake huwezi kulibeba, usiitegemee sentensi. Wakala wetu wa kaunta sasa anaingia kwenye databezi kwa akaunti isiyo na ruhusa ya DELETE kabisa kwenye jedwali la madeni. Ukitaka kufuta deni unakwenda kwa msimamizi, na maelezo yanamwambia wakala hivyo ili asipoteze muda kuzunguka. Na kila ukibadilisha zana badilisha maelezo siku hiyohiyo, kwenye apdeti ileile, maelezo yanayodai kuna kinga ambayo ilishaondolewa ni hatari kuliko kutokuwa na maelezo.

Jaribu kwa maneno ya watu

Usijaribu kwa sentensi zako za kiufundi, "futa wateja kabla ya tarehe 1 Januari", hiyo itafaulu tu. Nenda kaunta, sikiliza watu wanavyoomba, andika. Sisi tuna faili la sentensi kama arobaini za namna hiyo: "nitolee huyu jamaa", "hii listi ndefu mno ipunguze", "anza upya mwezi huu", "haya mauzo ya jana siyaelewi yaondoe". Kila tukigusa maelezo ya zana hata neno moja, zote zinapitishwa kwa wakala kwenye databezi ya majaribio na mtu anaangalia ameita zana gani. Ikitokea hata moja imeenda kwenye futa wakati mtu hakumaanisha kufuta, tunarudi kwenye maelezo, hatumlaumu aliyeandika sentensi.

Ya kwanza kwenye hilo faili ni ile ya yule dada, neno kwa neno. Nilipoipitisha mara ya mwisho wakala alifungua hariri_mteja, akaorodhesha namba 14 zilizokuwa na tarakimu pungufu, akauliza aanze na ya nani.